Kuvunjika kwa Kauri katika Nyonga Bandia, 1970 hadi 2003: Historia Inayotazamwa kutoka Ufipa

Historia ya nyonga bandia huandikwa kwa kawaida kama historia ya mafanikio. Insha hii inaifuata kwa njia ya kushindwa kwake, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinga tuliyo nayo leo dhidi ya kuvunjika kwa kauri ilitokana na kauri iliyovunjika ndani ya mwili wa mtu, na daktari aliyeandika alichokikuta. Hoja yake ni kwamba upasuaji wa marudio hutegemea kumbukumbu kama unavyotegemea ustadi wa mkono. Jambo hilo humgusa zaidi mgonjwa anayeishi mbali na hospitali iliyompasua, kama mkazi wa Sumbawanga na uwanda wa Ufipa.

Mwaka 1970 Pierre Boutin, daktari mpasuaji wa mji wa Pau, Ufaransa, aliweka nyonga ambayo kichwa na kikombe chake vyote vilikuwa vya alumina. Plastiki ambayo John Charnley alikuwa akiitumia Uingereza tangu 1962 ililika polepole, na chembe zake zilikuja kujulikana kuwa chanzo cha kulegea kwa kiungo. Kauri hailiki kirahisi. Hata hivyo, chuma kikielemewa hupinda, ilhali kauri hupasuka ghafla. Alumina ya miaka ile ilikuwa na punje kubwa na vitundu vidogo ndani yake, na kila kitundu kilikuwa mahali ambapo ufa ungeweza kuanzia. Ubora uliongezeka katika miaka ya 1990, kauri ilipoanza kukandamizwa kwa gesi yenye shinikizo kubwa ikiwa katika joto kali.

Tukio la 2001 linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kampuni ya Ufaransa ya Saint-Gobain Desmarquest, iliyotengeneza vichwa vya zirkonia, ilikuwa imebadilisha tanuri lake mwaka 1998: badala ya kuchoma kwa mafungu, vichwa vilipita katika tanuri la mfano wa handaki. Malighafi ilikuwa ileile. Baadhi ya vichwa vilivyotoka humo vilianza kuvunjika ndani ya wagonjwa, na Agosti 2001 bidhaa hizo ziliondolewa sokoni. Msomaji wa Ufipa, ambako mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, bado yanaonekana, hatashangaa kuambiwa kwamba tanuri ndilo huamua tabia ya udongo. Kwa mwanahistoria, la kuzingatia ni kwamba chanzo kilipatikana kwa sababu kila kichwa kilikuwa na namba ya fungu lake.

Kauri ikishavunjika, tatizo hubadilika. Vigae vyake hutawanyika katika utando wa kiungo, na vingine ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Daktari akiweka kichwa kipya cha chuma, vigae hivyo hukisaga kama msasa. Mwaka 2003 Jérôme Allain na wenzake walichapisha uchunguzi wa marudio 105 yaliyofanywa baada ya kichwa cha kauri kuvunjika. Baada ya miaka mitano, ni asilimia 63 tu ya nyonga hizo zilizokuwa hazijahitaji kurudiwa tena. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi pale utando ulipoondolewa nusunusu, kikombe cha zamani kilipoachwa, au kichwa kipya kilipokuwa cha chuma cha pua. Wagonjwa walio chini ya miaka 50 nao walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kinga iliyotokana na hayo yaeleweka: kuondoa utando wote uwezavyo kufikiwa, kubadilisha kikombe, na kuweka kauri tena badala ya chuma. Lakini kuna mtego. Shingo ya shina la zamani huenda imekwaruzwa, na kauri ngumu ikikaa juu ya mkwaruzo hubeba uzito wote mahali pamoja, ikapasuka upya. Ndiyo sababu kichwa cha marudio huwekewa mkono wa titani kati yake na shingo hiyo. Mkono huo lazima ulingane na shina lililomo.

Hapo ndipo umbali wa Ufipa unapoingia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, iko Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi; wengine hupasuliwa nje ya nchi kabisa. Mgonjwa akirudi Sumbawanga kisha akaanza kusikia mkwaruzo nyongani, eksirei itaweza kuonyesha vigae. Haitataja mtengenezaji, aina ya kauri wala kipimo cha shingo. Karatasi ya kuruhusiwa yenye maneno “amebadilishiwa nyonga” haimsaidii daktari wa pili. Stika za vifaa, zinazobandikwa katika jalada la upasuaji, ndizo zenye majibu, na nakala yake yapaswa kuwa mkononi mwa mgonjwa kabla hajapanda basi.

Wala si anasa ya nchi tajiri. Malawi, ambayo mpaka wake uko karibu zaidi na Sumbawanga kuliko ilivyo Dar es Salaam, ilianzisha rejesta yake ya kitaifa ya viungo bandia mwaka 2005.