Barua Zisizofika Nyumbani: George Washington Williams, Wazanzibari na Mwito wa Mwaka 1890 Kuhusu Kongo

Ikisiri

Tarehe 18 Julai 1890, mwanahistoria Mmarekani mweusi, George Washington Williams, aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akiwa katika kituo cha Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Makala hii inaisoma barua hiyo pamoja na nyaraka nyingine alizoziandika katika safari hiyohiyo. Inajadili namna Williams alivyobadilisha maneno yake kulingana na aliyemwandikia, na inaonesha kwamba barua hiyo ni sehemu ya historia ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki pia, kwa kuwa Wazanzibari wanatokea humo wakiwa wahanga na wakiwa washika bunduki. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya mwito wake inatokana na kutoificha hali hiyo ya pande mbili.

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya kawaida ya harakati za kuitetea Kongo dhidi ya utawala wa Leopold, majina yanayotajwa kwanza ni ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904, na E. D. Morel, aliyeanzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo mwaka huohuo. Hata hivyo, miaka 13 kabla ya Casement kufunga safari yake ya uchunguzi, mtu mmoja asiye na cheo cha serikali, asiye na chama nyuma yake na aliyebakiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi, alikuwa amekwisha kuyaandika mashtaka yaleyale na kuyatia saini kwa jina lake.

Barua ya wazi ni utanzu wenye utata. Juu ya ukurasa limeandikwa jina la mtu mmoja, lakini wanaokusudiwa kusoma ni wengi. Anayeandikiwa anageuzwa mshtakiwa, na wasomaji wanageuzwa mahakama. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kuielewa barua ya namna hii hana budi kujiuliza maswali matatu: mwandishi alipata wapi mamlaka ya kusema? Alimwandikia nani hasa? Na ni nani wanaosemewa humo bila wao wenyewe kusema? Makala hii inafuata maswali hayo kwa mpangilio huo.

2.0 Mwandishi na Kubadilika kwa Msimamo Wake

Williams alizaliwa mwaka 1849 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Akiwa bado kijana mdogo alipigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya nchi hiyo. Baadaye alisomea theolojia, akawa mchungaji, mwandishi wa magazeti, kisha mwanasheria. Mwaka 1879 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Ohio, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Kitabu chake kikubwa kuhusu historia ya watu weusi wa Marekani, kuanzia mwaka 1619 hadi 1880, kilimpa heshima ya mwanahistoria aliyezoea kutafuta nyaraka na kuwahoji mashahidi.

Jambo la msingi kwa mjadala wetu ni kwamba Williams hakuanza akiwa mpinzani wa Leopold. Mwaka 1889 alikutana na mfalme huyo mjini Brussels, na alivutiwa naye. Aliamini kwamba Kongo ingeweza kuwa mahali ambapo Wamarekani weusi wenye elimu wangefanya kazi yenye heshima. Alikwenda katika chuo cha Hampton, Virginia, kutafuta vijana wa kuwapeleka huko. Wanafunzi walimuuliza maswali kuhusu nchi hiyo ambayo hakuweza kuyajibu, naye akaamua kwenda kujionea mwenyewe. Alipata msaada wa fedha kutoka kwa Collis P. Huntington, tajiri wa reli aliyekuwa na hisa katika mradi wa reli ya Kongo.

Historia hiyo inajibu swali letu la kwanza. Mamlaka ya Williams hayakutokana na usafi wa mtu aliyekaa mbali na jambo. Yalitokana na kuwa alikuwa ameamini, akaenda, akaona, kisha akakanusha hadharani alichokuwa amekisifu hadharani. Aliandika pia akijua kwamba mfadhili wake ana maslahi katika nchi hiyo. Msomaji wa leo anayetaka mashahidi wasio na doa lolote hatampata Williams, wala hatampata shahidi mwingine yeyote wa zama zile.

3.0 Jambo Moja, Wasomaji Mbalimbali

Barua kwa mfalme inaanza kwa kumwita rafiki mwema na mkuu. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kuwa huo ni unyenyekevu. La hasha! Hiyo ni kauli ambayo wakuu wa dola waliitumia walipoandikiana wao kwa wao. Raia mweusi wa Marekani, katika karne ambayo watu wa rangi yake walikuwa wakiuzwa hadi mwaka 1865, anachukua kauli ya marais na wafalme na kuitumia kumwambia mfalme kwamba ametenda uhalifu. Adabu ya barua haipunguzi mashtaka, bali inamweka mwandishi na mwandikiwa katika ngazi moja. Aliyezoea barua za Kiswahili za karne ya 19, ambazo hutanguliza salamu na sifa ndefu hata pale ambapo kiini chake ni kudai deni, hatashangazwa na mpangilio huo.

Baada ya utangulizi huo yanafuata mashtaka 12, yaliyopangwa kwa nambari kama hati ya mahakamani. Dola inashtakiwa kwa kukosa uwezo wa kutawala nchi iliyojitwalia. Kwa kuanzisha vituo vya kijeshi vinavyoishi kwa kupora vijiji. Kwa kuvunja mikataba ya askari na vibarua. Kwa mahakama zenye upendeleo. Kwa ukatili dhidi ya wafungwa wanaofungwa minyororo shingoni. Kwa kuwadhalilisha wanawake. Kwa kufanya biashara ya pembe za ndovu kinyume cha ahadi zake. Na kwa kujihusisha na biashara ya watumwa ileile ambayo Leopold aliuahidi ulimwengu kuwa angeikomesha. Mwishoni Williams anaeleza kwamba ameandaa orodha ya mashahidi, barua na kumbukumbu, ambazo zitawekwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza hadi iundwe tume ya kimataifa yenye uwezo wa kuwaita watu na kuwaapisha.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Oktoba 1890, aliandika ripoti kwa Rais Benjamin Harrison wa Marekani. Hapa hoja inabadilika. Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold katika Kongo, mwezi Aprili 1884; kwa hiyo, Williams anamkumbusha Rais kwamba taifa lake lina wajibu wa pekee kwa kuwa ndilo lililomwingiza mgeni huyo katika jamii ya mataifa. Kwa mfalme alitumia lugha ya mashtaka. Kwa Rais alitumia lugha ya dhamana.

Katika barua nyingine, kwa Waziri wa Mambo ya Nje James G. Blaine, aliyoiandika mwezi Septemba, Williams alitumia istilahi ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Istilahi hiyo iliingizwa katika mkataba wa mahakama ya Nuremberg mwaka 1945, na watu wa ukanda wetu waliizoea zaidi baada ya mwaka 1994, pale Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipowekwa Arusha. Si halali kudai kwamba mnyororo wa moja kwa moja unaunganisha barua ya mwaka 1890 na hukumu za Arusha. Inatosha kusema kwamba mwanahistoria mweusi, akiandika kuhusu Afrika ya Kati, alihitaji jina la kosa ambalo sheria za wakati wake hazikuwa nalo, na akalipata.

4.0 Wazanzibari Ndani ya Barua

Swali la tatu ndilo linaloileta barua hii nyumbani kwetu. Katika Kongo ya wakati ule, jina Mzanzibari halikumaanisha mzaliwa wa kisiwani pekee. Liliwahusu pia watu wa bara walioandikishwa kazi katika soko la Zanzibar. Watu hao wanatokea katika barua ya Williams kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya watu waliohesabiwa kwa bei. Williams anaandika kwamba askari na vibarua wengi wa dola waliletwa kutoka Zanzibar kwa gharama ya pauni 10 kwa kila kichwa, ilhali wale wa Sierra Leone, Liberia, Accra na Lagos waligharimu kati ya pauni 1 na pauni 1 na nusu. Anaeleza jinsi walivyosafirishwa juu ya sitaha za meli, wakibanana katika uchafu, kwa hali mbaya kuliko ya ng'ombe wa Ulaya, na jinsi wengi walivyokufa njiani. Katika shtaka la tatu, baada ya kutaja mikataba iliyovunjwa, anaongeza maelezo mafupi mno: barua zao hazifiki nyumbani.

Maelezo hayo yanastahili kutafakariwa. Ili barua isifike, lazima kwanza iwe imeandikwa. Kibarua huyo, awe wa Lagos au wa Zanzibar, alijua kuandika au alimjua mtu wa kumwandikia. Upande wa Zanzibar jambo hili si ajabu. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kuenea katika pwani na njia za misafara, na C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892. Kwa hiyo, mtu aliyesemewa katika barua ya Williams hakuwa bubu. Aliandika, na maandishi yake yakazuiwa. Hapo ndipo barua ya wazi inapopata uhalali wake: ilichapishwa kwa niaba ya watu ambao barua zao za faragha zilikatwa njiani.

Sura ya pili ni ya watu wenye bunduki. Katika shtaka la pili, Williams anaeleza jinsi vikosi vidogo vya askari weusi vilivyoachwa vituoni bila chakula, vikawalazimisha wanavijiji kutoa samaki, mbuzi, kuku na mboga kwa kuwaelekezea mitutu. Na jinsi vijiji vilivyokataa vilivyoletewa ofisa wa Kizungu na kikosi cha kuchoma nyumba. Jeshi hilo lilitegemea kwa kiasi kikubwa watu walioletwa kutoka Zanzibar na Afrika Magharibi. Kwa maneno mengine, mtu yuleyule aliyenunuliwa kwa pauni 10, ambaye barua zake hazikufika kwa mama yake, ndiye aliyesimama mlangoni pa mama wa mwenzake na kumnyang'anya kuku.

Sura ya tatu ni ya wenye madaraka. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Leopold katika Stanley Falls. Shtaka la 11 linahusu mkataba wa dola na liwali wa Kiarabu wa mahali hapo, wa kujenga mlolongo wa vituo vya kijeshi hadi Ziwa Tanganyika, kwa malipo ya bunduki 500, mapipa 5,000 ya baruti na pauni 20,000. Urafiki huo haukudumu. Kati ya mwaka 1892 na 1894 dola hiyohiyo ilipigana vita na Waarabu na Waungwana wa mashariki mwa Kongo na kuwaondoa madarakani.

Ni dhahiri kwamba Williams angeweza kuandika barua nyepesi zaidi, yenye Wazungu waovu upande mmoja na Waafrika wema upande mwingine. Hakufanya hivyo. Alilaumu mfumo uliomfanya mtu mmoja kuwa mhanga asubuhi na mporaji jioni, na akaiweka lawama ya mwisho kwa mwenye mfumo. Upungufu wake ni kwamba katika barua hiyo Mzanzibari hasemi kwa kauli yake mwenyewe. Pengo hilo linawahusu wanahistoria wa Kiswahili zaidi ya linavyomhusu yeye.

5.0 Mapokeo ya Barua

Barua ilichapishwa kama kijitabu na kuenea Ulaya na Marekani. Magazeti yaliyomuunga mkono mfalme hayakujibu mashtaka kwanza. Yalimshambulia mwandishi, yakihoji cheo cha kanali alichojiita. Mwezi Juni 1891 suala hilo lilijadiliwa katika Bunge la Ubelgiji, na watendaji wa dola wakatoa ripoti ndefu ya kujitetea. Tume ya kimataifa aliyoiomba haikuundwa. Tarehe 2 Agosti 1891 Williams alifariki mjini Blackpool, Uingereza, kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 41, na mjadala ukafifia pamoja naye.

Je, mwito huo ulishindwa? Kwa kipimo cha miezi, ndiyo. Kwa kipimo cha miaka, mashtaka yake yalirudiwa na Casement, Morel na wamisionari kadhaa, hadi Leopold alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji mwaka 1908. Jina la Williams lilirejeshwa katika uwanja wa taaluma hasa kupitia kazi ya mwanahistoria John Hope Franklin, ambaye wasifu wake wa Williams ulichapishwa mwaka 1985.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba Williams alipata mamlaka ya kusema kwa kujisahihisha hadharani, kwamba alibadilisha hoja kulingana na wajibu wa kila aliyemwandikia, na kwamba aliona pande mbili za maisha ya askari na kibarua wa Zanzibar. Mambo hayo matatu yanafaa kuwa vipimo vya mwito wowote unaotolewa leo kwa jina la wanaoteseka. Mashariki mwa Kongo ya leo, Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada, ya kambi za wakimbizi na ya wenye bunduki vilevile. Mwito unaosikia sauti moja tu kati ya hizo hautaeleza vita hivyo, sembuse kuvizuia.

Aidha, kazi inabaki kwetu. Historia ya Kongo ya Leopold imeandikwa kwa kutegemea zaidi barua zilizofika: za mfalme, za mabalozi, za wamisionari na za Williams mwenyewe. Inafaa sasa watafiti wa Kiswahili waelekee kwenye nyaraka za Zanzibar na Brussels, pamoja na masanduku ya familia za pwani na za Kisangani, kuzitafuta zile zilizozuiwa. Hata chache zikipatikana, watu wa pauni 10 watasomwa kwa maneno yao wenyewe.