Saa Zile Zile, Peke Yako

Katikati ya miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na swali lisilopendeza: kwa nini wanafunzi Weusi, ambao shuleni kwao walikuwa vipanga, walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi? Uri Treisman, aliyekuwa akisomea uzamivu hapo hapo, aliwauliza wahadhiri. Majibu yalikuwa tayari mdomoni: hawana ari, hawakuandaliwa, wazazi hawajali, umaskini.

Treisman akaenda kujionea. Aliwafuatilia wanafunzi Weusi 20 na wenye asili ya Kichina 20, kuanzia mabwenini mpaka majumbani. Hakuna jibu hata moja la wahadhiri lililosimama. Weusi walikuwa wakisoma kwa bidii, saa zile zile walizoambiwa, ila kila mtu na meza yake. Wachina nao walisoma peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana, wakapika, wakala, wakalinganisha majibu. Jibu lako likitofautiana na la wenzako wote, unajua umekosea wapi kabla ya mtihani. Swali likiwashinda wote, basi ni gumu kweli, wala si kwamba wewe ni mjinga.

Hapo niliacha kusoma kwa muda. Mwaka wa kwanza niliishi chumba kimoja na kijana aliyepiga msuli kuliko sote, mpaka saa nane usiku, uso ukutani. Alidisko. Bwenini walisema hakuwa na kichwa cha chuo, na naamini hata yeye aliondoka akiamini hivyo.

Mwaka 1978 Treisman alianzisha warsha. Hakuwaita wanaofeli waje kuokolewa, na kwangu hilo ndilo kubwa. Aliwaalika kama wanafunzi bora, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani. Alama zikapanda.

Sisi tuna diskasheni, najua. Lakini nyingi nilizokaa, mmoja anashika chaki, wengine tunanakili. Hiyo ni lekcha nyingine tu, bila kipaza sauti. Kule Berkeley kila mtu alianza na karatasi yake, kisha akawaeleza wenzake amefikaje pale alipofika, nao wakambana. Msimamizi alizunguka kati ya meza akiuliza maswali, jibu hatoi.