Msimamizi si mrithi

Sikiliza misibani: “Kaka ndiye tumempa mirathi.” Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kaka hakupewa mirathi. Amepewa usimamizi wake. Mirathi ni mali aliyoiacha marehemu. Mrithi ni mwenye haki ya kupata fungu katika mali hiyo. Msimamizi hutumwa kuikusanya, kulipa madeni, kisha kugawa, na anaweza asiwe na fungu hata moja.

Nchini Tanzania kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi Fomu Namba 4, karatasi ambayo wengine huibeba kama hati ya nyumba! Fomu hiyohiyo humfunga: ndani ya miezi minne alete Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni, na baadaye Namba 6, ya hesabu. Asipoleta, warithi wanaweza kuomba mahakama imwondoe.

Wosia nao husemwa ovyo. Kwa Waislamu hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi fungu mpaka warithi wenzake waridhie.