Goma: parseli ya aliyekimbia ni ya nani?

Mji wa Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini, umejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokimbia. Kuna waliotoka Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Kuna pia waliojenga upya juu ya mawe ya volkeno, baada ya moto wa Nyiragongo kupita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Wengi wao hawana hati ya serikali.

Chanzo ni cha zamani. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, enzi ya Mobutu, ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia tu, nayo huthibitishwa na hati ya uandikishaji. Kuhusu ardhi za kimila, sheria iliahidi amri ya Rais. Miongo ikapita, amri haikutoka. Pembezoni mwa mji watu wakaendelea kununua kwa machifu, wakipewa karatasi yenye sahihi za mashahidi.

Sheria hiyohiyo inasema hati ikitimiza miaka miwili bila kupingwa mahakamani, haivunjwi tena. Aliyeonewa hubaki kudai fidia. Aliye karibu na ofisi ana muda wa kufuatilia. Mama aliye kambini, miaka hiyo inaisha kabla hajajua parseli yake imeandikwa jina la mwingine.

Mpango wa mitaa utakuwa wa haki ukianzia hapo: kuzitambua karatasi za wanyonge, na kutohesabu siku za ukimbizi dhidi ya aliyekimbia.