Muhogo Mmoja, Majina Manne

Wasikilizaji wetu, mwaka 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi pamoja na rubani aliyempata huko, akavuka bahari hata akafika karibu na mji wa Calicut. Pwani ile ya kusini-magharibi ya Bara Hindi ndiyo nchi ya lugha ya Kimalayalam, nasi leo twataka kuwaelezeni lahaja zake.

Tuanze na chakula mkijuacho. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika nchi ya Travancore, mfalme Visakham Thirunal, aliyetawala tangu 1880 hata 1885, aliwahimiza watu wake waulime uwe kinga ya njaa. Mmea ni mmoja, lakini upande wa Thiruvananthapuram huitwa marachini, Kottayam, kappa, Thrissur, kolli, na huko Malabar, pula.

Sababu ni nini? Nchi ilikuwa imegawanyika. Travancore na Cochin kila moja ilikuwa na mfalme wake, na Malabar ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1792. Tena dini nayo ilikuwa na sehemu yake. Waislamu wa huko, waitwao Mappila, walifanya biashara na Waarabu, wakapokea maneno yao, wakaandika Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Utungo wao uitwao Muhyiddin Mala ni wa mwaka 1607.

Lakini wenye elimu walishika lugha ya vitabu, na usemi wa nyumbani ukadharauliwa. Ndipo mwaka 1951 Vaikom Muhammad Basheer alipotoa hadithi yenye jina lililoandikwa kama wasemavyo Waislamu wa kwao: Ntuppuppakkoranendarnnu, yaani, Babu yangu alikuwa na ndovu. Maneno matano ya kitabuni yameshikana yakawa tamko moja. Katika hadithi hiyo mama mmoja, ambaye mali imemtoka, hujisifia ndovu wa baba yake. Lau angesema kwa lugha ya shule, nani angemsadiki?

Tarehe 1 Novemba 1956 nchi hizo ziliunganishwa kuwa jimbo la Kerala. Mipaka ya wafalme imeondoka, lakini muhogo ungali na majina yake. Basi, wasikilizaji, tusimcheke mgeni kwa usemi wake. Huenda neno lile tulidhanilo kosa ndilo lililohifadhi habari za nchi yake.