Kuingia na Kuingizwa: Kumbukumbu za Kadogo katika Vita vya Butembo na Beni

Kati ya maneno yaliyotoka katika Kiswahili cha Kivu wakati wa vita vya mwaka 1996 na kuenea Kongo nzima, kadogo ndilo lililofika mbali zaidi. Umbo lake halina utata. Kiambishi ka- ndicho kinachounda udogishi katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo: katoto, kanyumba, na katika wingi tutoto, tunyumba, pale ambapo Kiswahili sanifu kingependelea kitoto na kijumba. Lakini wingi wa kadogo haukuwa tudogo. Watu walisema wakadogo, au bakadogo. Yaani neno lilitolewa katika ngeli ya vitu vidogo likawekwa katika ngeli ya watu, kama jina la kazi. Udogo ulibaki katika shina na kiambishi cha ndani, ilhali kiambishi cha nje kilimhesabu mtoto pamoja na askari wengine. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watoto hao, ambao sasa ni watu wazima wenye familia, wanavyosimulia hatua moja tu ya maisha yao ya kijeshi, nayo ni ile ya kuingia.

Swali la nani aliingia kwa hiari na nani alichukuliwa si geni katika nchi hii. Dola ya kikoloni ilidai kila mwaka idadi fulani ya vijana kutoka kila wilaya kwa ajili ya Force Publique, na jukumu la kuwatoa liliwaangukia machifu, ambao mara nyingi walipata hapo nafasi ya kuwaondoa wale waliowasumbua. Katika vita vya 1914–1918, vilivyolifikisha jeshi hilo Tabora mnamo Septemba 1916, wapagazi zaidi ya 200,000 walitumika, na wengi wao hawakuulizwa lolote. Mwaka 1964 Simba walipopita Beni na Butembo, vijana waliowafuata waliingia kwa mlango mwingine kabisa, yaani kwa dawa na maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi.

Mwaka 1996 ulileta mambo mawili mapya. La kwanza ni lugha. Tangu enzi za ukoloni hadi mwisho wa utawala wa Mobutu, jeshi liliamrishwa kwa Kilingala, na kwa mtu wa Butembo, anayezungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, Kilingala kilikuwa lugha ya askari aliyekuja kuchukua. Majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yalikuja yakitumia Kiswahili. La pili ni hali ya wakati wenyewe. Askari wa Mobutu walipokuwa wakirudi nyuma mwishoni mwa mwaka huo, walipora Butembo na Beni kwanza. Walioingia baada yao walipokewa kama wakombozi, na vijana, wakiwemo wanafunzi, walijiunga nao. Je, mtoto aliyeona nyumba ya kwao ikiporwa na askari wanaozungumza lugha moja, kisha akaitwa na askari wanaozungumza lugha yake, aliingia kwa hiari? Swali hili halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana, na hapo ndipo maandishi ya waliopitia hali hiyo yanapokuwa na thamani.

Vitabu viwili vinafaa kulinganishwa, vyote vya Kifaransa. Lucien Badjoko, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 pamoja na Katia Clarens, anaeleza kwamba alijiunga na AFDL kwa hiari yake huko Bukavu akiwa na umri wa miaka 12. Junior Nzita Nsuami, ambaye naye alikuwa na miaka 12, anaeleza kwamba alichukuliwa na wapiganaji wa jeshi hilohilo akiwa katika shule ya bweni huko Kiondo, Kivu ya Kaskazini. Mmoja alikwenda, mwingine alipelekwa. Baada ya hapo njia zao zinafanana mno: mafunzo, bunduki na mwendo mrefu kuelekea magharibi, hadi Kinshasa ilipotekwa tarehe 17 Mei 1997. Nzita alikaa jeshini hadi mwaka 2006, na mwaka 2015 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Msimuliaji wa Kiswahili anapotaka kueleza tofauti ya watoto hawa wawili, mnyambuliko wa kitenzi kimoja humtosha. Nzita aliingizwa: mtendaji yuko nje na mzigo ni wake. Badjoko aliingia. Mtu akitaka kumlaumu atasema alijiingiza, kitenzi ambacho katika matumizi ya kawaida hudokeza kwamba mtu amejitia katika jambo lisilomhusu au lenye hatari. Akitaka kumsifu atasema alijitolea. Yafaa kukiri kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachokaa vizuri juu ya mtoto wa miaka 12. Kujitolea kunamhitaji mtu ambaye tayari anajimiliki, na kujiingiza kunamhitaji mtu anayejua anakoingia.

Sheria imelitatua jambo hili kwa kulifuta. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 unataja makosa matatu juu ya mtoto aliye chini ya miaka 15: kumlazimisha kuingia jeshi, kumwandikisha, na kumtumia vitani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Thomas Lubanga, tarehe 14 Machi 2012, kwa watoto wa Ituri, iliyokuwa wilaya wakati huo na inayopakana na Beni upande wa kaskazini, ilishikilia kwamba ridhaa ya mtoto haimkingi aliyempokea. Uamuzi huo ni wa haki. Hata hivyo, unamhusu mkosaji. Aliyeingia mwenyewe bado anabaki na kumbukumbu kwamba hakuna aliyemshika mkono, na hukumu haiwezi kumsaidia kubadilisha kitenzi chake.

Utata huo ulizidi baada ya mwaka 1997. Mayi-Mayi wa milima ya kandokando ya Butembo waligombana na washirika wao wa jana. Mauaji ya raia katika kambi ya Kikyo, Butembo, mnamo Aprili 1998, yaliwaondolea wengi imani na jeshi lolote lililotoka nje. Kisha ukaja utawala wa RCD-ML, na kambi ya Nyaleke karibu na Beni ikawa mahali pa kuwafunza vijana chini ya maofisa wa Uganda. Kule Nyaleke jina liliandikwa. Kwa Mayi-Mayi kuingia kulikuwa ni kupakwa dawa, kunyunyiziwa maji na kushika miiko, na daftari halikuhitajika. Kiswahili cha zamani kilisema kumwandika mtu kwa maana ya kumpa kazi. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Mayi-Mayi hakuwahi kuandikwa.

Jambo hilo lilikuwa na matokeo yake baada ya serikali ya mpito kuundwa, Juni 2003. Nyaleke hiyohiyo ilifanywa kituo cha kuchanganya vikosi vya pande zote katika jeshi moja, na watoto walitengwa na wakubwa ili warudishwe makwao. Kila mtoto aliyepita kwa utaratibu alipewa cheti cha kutoka katika majeshi na makundi yenye silaha. Cheti kilikusudiwa kumlinda, ingawa katika Kivu ya Kaskazini wapo waliokamatwa tena na kuingizwa katika makundi mapya wakiwa nacho. Kinaonyesha tarehe ya kutoka. Kuhusu kuingia, wengi wao hawana karatasi yoyote, na kila wanapoulizwa huanza upya kuchagua kitenzi.