Shengena Juu ya Reli: Majina, Rangi na Heshima kwenye Vichwa vya Treni vya Afrika Mashariki

Mlima Shengena, wenye kimo cha takriban mita 2,460, ndio kilele cha juu kabisa katika Milima ya Pare. Kwa wakazi wa Vudee na kata nyingine za Pare Kusini wilayani Same, jina hilo ni la msitu na vyanzo vya maji. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, jina hilo hilo linabebwa na kichwa cha treni cha mvuke namba 5930. Sehemu hii inachunguza namna mlima wa Upare ulivyopewa heshima hiyo. Hoja yake ni kwamba heshima ya reli ina pande tatu: anayeitoa, anayepewa na anayeisoma. Historia ya Shengena ni ya heshima iliyosomwa na watu wengine, mbali na wale walioishi chini ya mlima wenyewe.

Desturi ya kukipamba kichwa cha treni kwa ajili ya heshima ingali hai. Nchini Marekani, kampuni ya Norfolk Southern ilitoa mwaka 2015 kichwa namba 911, tarakimu za simu ya dharura, chenye rangi maalumu ya kuwaenzi zimamoto, polisi na wahudumu wa afya ya dharura. Kampuni ya CSX ilifuata kwa mpango wa aina hiyo mwaka 2019. Vichwa hivyo huvuta mizigo kupitia miji ambamo waokoaji hao hufanya kazi, na wakusanyaji wa treni ndogo za mfano huvitafuta katika umbo dogo. Hapo anayeheshimiwa anaweza kusimama kando ya reli na kujiona ameandikwa.

Afrika Mashariki ilitumia zaidi majina kuliko rangi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, lilivipaka vichwa vyake vingi vya mvuke rangi ya damu ya mzee. Heshima iliwekwa kwenye vibao vya majina. Vichwa vya daraja la 29 vilipewa majina ya makabila, vya daraja la 60 majina ya magavana, na vya daraja la 59 majina ya milima. Utaratibu huo ulikuwa ramani ya fikra za kikoloni: watu waliorodheshwa kwa makabila, watawala kwa majina yao binafsi, na nchi kwa vilele vyake.

Daraja la 59 ndilo lililokuwa na fahari kubwa zaidi. Vichwa 34 viliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock jijini Manchester, vikaanza kufika mwaka 1955. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na vilihesabiwa kuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani katika reli ya upana wa mita moja. Kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kazi hiyo ya kupanda, majina ya milima yalifaa.

Hata hivyo, njia hiyo haikupita Upare. Reli ya Upare ni ile ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, ikipita Hedaru, Makanya na Same. Aliyeshuka kutoka Vudee kwenda stesheni aliikuta reli hiyo, ambayo haikuwa njia ya kazi ya Shengena. Jina la mlima wake lilikuwa likipita Voi na Mtito Andei, tena likitanguliwa na neno la Kiingereza.

Umbali huo haukuwa wa kijiografia tu. Mapema mwaka 1945, Wapare kwa maelfu waliandamana hadi Same kupinga kodi ya mbiru, tukio ambalo Isaria Kimambo amelichambua kama upinzani wa umma dhidi ya ukoloni. Walikuwa wakidai kusikilizwa. Miaka kumi baadaye, kilele chao kiliandikwa kwenye chuma huko Manchester. Haidaiwi hapa kwamba kibao kilikusudiwa kuficha mgogoro ule. Kinachodaiwa ni kwamba mlima ulikuwa rahisi kuheshimiwa kuliko watu wake, kwa kuwa mlima haukatai kodi.

Wepesi huo pia unasaidia kueleza kudumu kwa jina. Baada ya uhuru, vibao vya magavana viliondolewa, kwa kuwa vilidai utii kwa dola iliyokwisha. Milima haikudai utii wa yeyote, ikabaki. Kati ya vichwa 34, viwili vilivyohifadhiwa, namba 5918 Gelai na namba 5930 Shengena, vyote vina majina ya milima ya Tanzania na vyote vimo Nairobi. Tangu Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka umeongeza umbali uliokuwapo kati ya jina na mwenye jina.

Hivyo, wasomaji waaminifu wa kibao hicho wamekuwa mafundi wa reli, wapiga picha, watalii na wapenzi wa treni wa nchi za mbali. Hao si wa kulaumiwa. Bila shauku ya watu wa aina hiyo, chuma hicho kingeweza kuyeyushwa kama vichwa vingine 32. Lakini uhifadhi wa kitu haujawa uhifadhi wa historia yake. Kwa mtafiti wa Upare, namba 5930 inapaswa kusomwa pamoja na maandamano ya Same na reli ya Tanga, ili msomaji wa tatu, yule wa Vudee, apate hatimaye nafasi yake mbele ya kibao.